Siku Niliyoning'inia Kwenye Mizani ya Pamba

Mwanangu Rehema,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo wetu wote kuanzia Masanze hadi hapa Magomeni ya Kilosa, ninatangaza kifo cha kiti cha plastiki cha bluu, kilichofariki leo saa nane mchana barazani baada ya kuugua ufa kwa muda mrefu. Marehemu aliingia nyumbani kwetu miaka ile maduka ya Kilosa yalipoanza kujaa vitu, na katika uhai wake alikaliwa na sheikh, diwani, na wachumba wawili wa shangazi yako. Ameacha ndugu mmoja, kiti chekundu, ambaye tangu saa nane ananitazama kwa hofu. Maziko ni jalalani. Matanga hakuna.

Hilo ndilo tangazo nililokuwa nikilitunga huku bado nimelala chali, miguu juu kama mende aliyepuliziwa dawa. Ulitoka uani mbio, mwiko mkononi.

"Baba, umeumia?"

"Aliyeumia ni kiti. Nyumba ina tembo wawili, kiti gani kitapona?"

Hukucheka. Ulinipa mkono, ukanivuta mpaka nikasimama, ukanipangusa vumbi mgongoni. Kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema leo ni Jumatano: "Baba, wewe ni mnene. Na kiti kilikuwa kibovu. Hayo ni mambo mawili." Ukarudi kwenye maharage yako.

Hayo yalikuwa maneno yako ya kwanza kwangu kwa siku nne, ukiacha shikamoo. Shikamoo sikuikosa hata asubuhi moja, kwa hilo nashukuru, tumekulea. Lakini marahaba yangu ikitoka tu, ulikuwa umeshanipa mgongo.

Sasa mama yako amekuchukua kwenda kumuaga shangazi, nami nimekalia kigoda cha mninga, ambacho mpaka sasa hakijanisaliti. Kesho alfajiri unapanda gari la kwenda Mikumi, na pale barabara kuu utashika basi la kwenda chuoni. Habari za chandarua, sabuni na kutonunua mayai ya dirishani mama yako ameshazisema mara tatu, ya nne ataisema garini. Mimi nina jambo moja tu. Sitaki uondoke umeninunia. Na hata ukiondoka umeninunia, iwe ni kwa kosa nililolifanya kweli, si kwa lile dogo unalolijua.

Tuanze na hilo dogo. Kwa fundi.

Nilijiona baba mwema, nimekusindikiza ukapimwe sare za chuo. Fundi akazungusha futi kiunoni mwako, akaivuta, akaiachia, akamgeukia mwenzake wa cherehani ya pili: "Hamisi, hicho kitambaa kilichobaki usikiuze. Hapa kuna shamba." Wale akina mama waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwache mtoto, amejaajaa tu," na hilo "amejaajaa" likawachekesha zaidi kuliko lile shamba.

Wewe ulisimama mikono imeinuliwa kama ulivyoambiwa, ukasema: "Fundi, mimi mnene. Si msiba na si kichekesho. Andika namba, kata kitambaa."

Pakawa kimya. Rehema, ulikuwa umewamaliza. Fundi alikuwa ameshaichukua kalamu. Na hapo baba yako, mtu mzima, mwalimu mstaafu, akaona kimya kile hakivumiliki, akakiingilia kichwakichwa. "Aah, fundi, hamjasikia ya mizani ya pamba!" Nikawasimulia. Wakacheka mpaka yule mama wa benchi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Nikamalizia kwa kukupiga bega: "Hii mnayoiona ni damu, haikuanzia kwake."

Tulipofika kwenye kona ya msikiti ukasema, "Nilikuwa nimeshasimama, baba. Umeniangusha wewe." Ukanyamaza siku nne.

Nimekuwa nikikuangusha muda mrefu. Kwenye sherehe yako ya kumaliza kidato cha nne, nilisimama mbele ya wageni nikasema wale wa hifadhi ya Mikumi waje wahesabu tembo wao, mmoja yuko hapa amevaa gauni. Watu walipiga meza. Wewe ulitabasamu, na mimi kwa ujinga wangu nikalihesabu tabasamu lile kuwa ruhusa. Nilidhani nakukinga. Nilidhani nikikutania mimi kwanza, kwa mapenzi, watakaokuja kukutukana kwa chuki watakuta jiko limeshazimwa. Kumbe nilikuwa nawapa kuni.

Usidhani sikuonywa mapema. Niliambiwa, nikakataa kusikia. Nilipokuwa nafundisha Masanze, wewe ukiwa na miaka sita, palikuwa na mzee mfugaji, Mzee Lemburis, aliyekuwa akituletea maziwa. Shule ilikuwa na walimu watatu, na majina yetu hakujisumbua kuyajua. Kwake tulikuwa mwalimu mrefu, mwalimu kipara, na mwalimu mnene. Alikuwa anasimama mlangoni mwa ofisi na kibuyu chake, mbele ya wanafunzi: "Haya ya mwalimu mnene." Alisema hivyo hivyo anavyosema juu ya ng'ombe wake: yule wa baka, yule mweupe, yule mnene. Nilimsusia. Miezi mitatu tukanywa chai ya rangi nyumba nzima, na wewe ulilia maziwa.

Siku moja akanizuia njiani kwa fimbo yake. "Mwalimu, mrefu hajakasirika. Kipara hajakasirika. Wewe nani alikuambia hilo ni tusi? Si mimi."

Nilimjibu kwamba hajui Kiswahili. Ndivyo nilivyomjibu mzee wa watu.

Lakini swali lake lilikuwa na jibu, na jibu ni refu. Nilianza kazi miaka ile ukutani mwa kila ofisi kuna picha ya mnyonyaji. Unamjua mnyonyaji wa kwenye picha? Tumbo mbele, shingo imezama mabegani, vifungo vya shati vinaomba msaada, sigara mdomoni. Mimi nilipungukiwa sigara tu. Siku yangu ya kwanza Masanze niliingia darasa la sita nikakuta wamenichora ubaoni, na chini yake: KUPE. Mwandiko mzuri, nilimsifu aliyeandika, wakacheka. Hapo ndipo nilipojifunza ufundi wangu. Ukiwachekesha wanaacha kukurushia mawe.

Lakini hawakuacha, mwanangu, waliyahifadhi tu. Sukari ikiadimika, macho yote kwangu. Unga wa mgao ukichelewa, "Mwalimu ameshiba." Nilikula ugali ule ule na mlenda ule ule wanaokula wao. Babu yako alikuwa hivi na alikufa akiwa na jembe mkononi, shangazi zako wako hivi, na wewe uko hivi. Mkate wa mtu haukuingia hapa. Nani aliuliza? Na usifikiri wembamba walipona. Miaka hiyo hiyo, mtu akikonda baada ya homa ya wiki mbili, walikuwa wanamzika kwa midomo kabla hajafa. Palikuwa na kipimo kimoja cha mwili, na kila aliyekipita au asiyekifikia aliitwa mwizi au maiti. Wengi wao wako hai, tunasalimiana sokoni, tunaulizana hali. Sijawasamehe. Ninacheka nao, na sijawasamehe, na sasa ninakuambia ili ujue kwamba kicheko changu hakikuwa amani.

Sasa tuje kwenye mizani. Unaijua hadithi hii kuliko unavyoijua sura ya kwanza ya kitabu chochote. Msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Ushirika umelala, ghala limefungwa, ruksa ya biashara imefika mpaka Masanze, na bwana mmoja amekuja na gari lake na mizani yake ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani. Bibi mmoja anabisha kwamba mizani inaiba. Wanaamua kumpima mwalimu. Wanamtundika mwalimu. Boriti inalia kwaa! inakatika, mwalimu chini, mizani juu ya mwalimu, mnunuzi anakimbilia gari akidhani ni tetemeko. Watu wanacheka wiki nzima, na yule bibi mbishi anabaki na jina la Mama Mizani mpaka leo. Kwenye harusi huwa naongeza mbuzi anayekata kamba.

Mama Mizani unamfahamu. Ni yule mama mzee anayeuza uji na viazi pale Mikumi, karibu na yanaposimama mabasi, ambaye kila nikipita na wewe nakuambia tusimame mbele kidogo, pale pengine wana chai nzuri. Jina lake ni Bi Mwanaidi. Alikuwa mjane wa Masanze mwenye shamba la pamba lililopakana na la shule. Kesho sitaishia stendi ya Kilosa. Nitapanda na wewe mpaka Mikumi, na basi lako likishaondoka nitaenda kukaa kwenye benchi lake, nimwambie nitakachokuambia sasa. Nimeona ni haki wewe ukijue kwanza, maana ni wewe niliyekulisha ile hadithi nyingine.

Boriti haikukatika.

Ilikuwa boriti ya mkongo, ingebeba darasa zima. Tulikuwa tumejipanga nje ya ghala tangu asubuhi, kila mtu na magunia yake, na mimi na yangu matatu. Bi Mwanaidi alikuwa wa tano. Lilipotundikwa gunia lake na mnunuzi akasoma, yule mama akatikisa kichwa.

"Soma tena."

"Nimeshasoma, bibi. Tupishe."

"Gunia hili ni lile lile la mwaka jana, nimelishindilia kwa miguu yangu mpaka pale pale. Ushirika hawakunisomea hivyo."

"Mwaka jana ulikuwa na nguvu ya kushindilia," mnunuzi akasema. "Mwaka huu umezeeka. Mshukuru Mungu hata umefika."

Foleni ikacheka. Walikuwa na haraka, na walimwogopa mnunuzi asije akafunga gari lake akaondoka, kwa kuwa mwingine hakuwepo. Mtu akapiga kelele nyuma, "Mama, acha kutuchelewesha, uza au rudi nayo!" Bi Mwanaidi hakugeuka. Alinitazama mimi.

"Mwalimu. Juzi si ulikwenda hospitali?"

"Nilikwenda."

"Wakakupima uzito?"

"Walinipima."

"Usiutaje," akasema haraka. "Usiutaje kabisa. Panda kwanza hapa, huyu bwana asome. Kisha wewe ndiyo useme hospitali walisema ngapi. Tutajua."

Sijawahi kufundishwa na mtu vizuri kama siku ile. Hakuwa amesoma hata darasa moja, na alikuwa amepanga jaribio ambalo mimi na cheti changu tusingelifikiria. Alichokihitaji ni kitu kimoja tu: mtu mzito anayejua uzito wake na anayeaminika. Katika kijiji kizima, mtu huyo alikuwa mimi. Mwili huu huu waliouchora ubaoni ndio ungewaokoa.

Wakanitengenezea bembea ya gunia na kamba za katani. Nikaketi. Wanaume wanne wakanivuta juu, na mmoja wao akaigiza amevunjika kiuno. Miguu ikaacha ardhi. Shati likapanda, tumbo likatoka nje jua likiliangaza, nikawa nazunguka polepole, mara nawatazama wakulima, mara ghala, mara darasa langu la tano ambalo lilikuwa limetumia mapumziko kuja kunitazama.

"Wameanika nyama!"

"Kupe ameshiba, mshikeni asipasuke!"

Na mnunuzi, mikono kiunoni, mtu mwembamba mwenye shati jipya, akawaambia kwa sauti ya upole, kama anayewahurumia: "Ndugu zangu, mnaisingizia mizani yangu. Mnauliza pamba yenu ya miaka yote imeliwa na nani? Si huyu hapa? Mnalima nyie, ananenepa yeye. Mtazameni."

Wakanitazama. Hakuna aliyecheka tena, Rehema, na hapo ndipo nilipoogopa. Kicheko nilikijua, nilikuwa na dawa yake. Zile nyuso sikuwa na dawa yake.

Ndani ya mfuko wa shati langu, hapa juu ya moyo, palikuwa na kadi ya hospitali. Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya presha. Nesi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: kilo 104. Miezi sita kabla, kadi hiyo hiyo ilisema tisini na nane. Mwaka wa njaa, watu wamekula mizizi, na mimi nimeongezeka kilo sita. Sikujua zimetoka wapi, mpaka leo sijui. Lakini nilijua wao wangesema zimetoka wapi.

Mshale ukatulia. Mnunuzi akasoma kwa nguvu, kila mtu asikie: "Tisini!"

Nitakuambia jambo ambalo hata mama yako halijui. Nilifurahi. Kabla sijafikiri pamba, kabla sijamfikiri Bi Mwanaidi, kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu kilikuwa furaha. Nilikuwa tisini. Mizani ya mwizi ilikuwa imeniibia kilo kumi na nne mbele ya watu wote, na mimi niliyeibiwa nilitaka kuishukuru.

Wakanishusha. Nikavuta shati. Bi Mwanaidi akanisogelea mpaka karibu, mama mfupi yule, kichwa chake kifuani kwangu, karibu kabisa na ule mfuko. Foleni nzima ikasogea. Hata watoto.

"Haya mwalimu," akasema. "Hospitali walisema ngapi?"

Palikuwa na neno moja la kusema, na lilikuwa kweli. Mimi mnene, nina kilo mia na nne, mizani hii ni ya mwizi. Ndivyo ulivyosema wewe kwa fundi, mikono yako bado imeinuliwa. Wewe una miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na thelathini na nane.

"Tisini," nikasema.

Hakuna aliyeniomba kadi. Ningekuwa mtu mwingine, wangeiomba. Mnunuzi alinitazama, na nikaona amejua, maana yeye aliijua mizani yake. Akatabasamu kidogo, akanipa mkono. Nikaupokea. Nyuma yangu wakaanza kumzomea Bi Mwanaidi: mzushi, mchawi wa mizani, anawafukuzia watu neema. Kadi niliitumbukiza jioni ile chooni, na boriti niliivunja kwa maneno wiki iliyofuata, kwenye kilabu cha pombe ambako sikunywa ila soda, waliponiuliza ilikuwaje kule juu.

Lakini siku ile Bi Mwanaidi hakunizomea, wala hakulia. Alinitazama tu muda mrefu, kuanzia tumboni mpaka machoni, kama mtu anayepima kwa macho na kupata jibu lake. Kisha akainama, akalikumbatia gunia lake, akalirudisha mwenyewe kwenye ndoano.

"Haya," akamwambia mnunuzi. "Mwalimu amesema."